Mtu Asiye na Fungu

Fundi Getaneh alijua kwamba maisha yamepanda bei kabla redio haijatangaza, kwa sababu watu waliacha kumletea vitambaa wakaanza kumletea kola. Shati likichakaa shingoni, aliifumua kola, akaigeuza ndani nje, akaishona tena, na mwenye shati akatoka kibandani kifua mbele kama aliyenunua jipya. Kina mama wa Debre Birhan walileta magauni ya mabinti zao ateremshe pindo. Miezi michache baadaye walirudi na magauni yaleyale, pindo limekwisha, wakimwomba aunge chini kipande cha pazia. Nguo mpya za Pasaka, zile ambazo zamani zilimlaza kwenye cherehani mwezi mzima, mwaka ule zilikuwa mbili tu, na moja mwenyewe hakurudi kuichukua.

Nyumbani mkewe Shewaye alikuwa na ufundi wake. Unga wa tefu aliuchanganya na wa mtama, kisha mtama ukapanda bei akauchanganya na wa mchele, hata injera, ule mkate wao mwembamba, ikawa inakatika mkononi kabla haijafika kwenye mchuzi. Kahawa aliikaanga pamoja na shayiri.

"Kunywa, Baba Hirut," alimwambia. "Usiinuse, kunywa."

Hirut, binti yao wa miaka tisa, alikwenda shule na viatu vya kukulia ndani yake, vidoleni vimejazwa matambara.

Getaneh hakuwa mtu wa kulalama. Aliamini kwamba shida ikigawanywa sawasawa hubebeka, na imani hiyo hakuipata kanisani peke yake. Aliipata kwenye kircha. Kila Pasaka, baada ya siku hamsini na tano za kufunga bila nyama wala maziwa, nyumba saba za ua wao na kichochoro chao walichanga wakanunua ng'ombe mmoja. Nyama ilikatwa mafungu, kila fungu likapata kidogo cha kila kiungo, likatandazwa juu ya majani mabichi. Kisha kila mwenye fungu alitoa kitu kidogo mfukoni, kijiti au punje ya maharage, vyote vikatiwa kofiani. Akatafutwa mtu asiye na fungu, asiyejua kipi ni cha nani, akaviweka kimoja kimoja juu ya mafungu. Mzee Demissie mwenye kinu cha unga angeweza kuangukia shingo, na kibarua akaangukia nundu. Hapakuwa na rufaa. Getaneh alipokuwa akivitazama vile vitu vidogo vikitua juu ya nyama, alihisi kwamba dunia, angalau kwa asubuhi moja, imenyooka kama mshono wa rula.

Kwa sababu ya kupenda unyoofu huo alikuwa na tabia ya kuwaingiza watu. Miaka tisa iliyopita Lakew, jirani yake wa mlango kwa mlango, alipopoteza kazi ya udereva, wengine walitaka kumruka. Getaneh alisimama akasema, "Akitoka Lakew, natoka na mimi." Lakew akabaki. Toka siku hiyo wakawa ndugu wa kuchaguana. Mwaka jana tena aliwaombea Mama Bizunesh, mjane anayefua nguo za watu, na Ayele mlinzi, wachukue fungu moja wagawane nusu kwa nusu. Watu walikubali kwa shingo upande, maana mafungu yalipungua unene.

"Fundi," Mzee Demissie alimwambia siku ile, akiupima mfuko wake wa nyama mkononi, "mwaka kesho utatuletea na paka."

Walicheka wote. Getaneh naye alicheka.

Sasa mwaka kesho ulikuwa umefika. Wiki tatu kabla ya Pasaka Mzee Demissie aliwaita wenzake kinuni, akavua kofia.

"Jamani, nimetoka mnadani. Ng'ombe mwaka huu anauzwa kama gari. Mimi naona tusidanganyane. Kircha hakuna."

Watu walitazama chini. Beyene kinyozi, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala, naye alinyamaza. Ikambidi Getaneh awe mfariji. Aliwashika mabega mmoja mmoja. "Tutakula mayai," alisema. "Kristo hatakataa kufufuka kwa sababu tumekula mayai. Si wote tutakuwa sawa?"

"Wote sawa, Fundi," walijibu.

Siku chache baadaye Worku, kaka yake Shewaye, alikuja kutoka upande wa pili wa mji. Lakew alikuwepo, wanakunywa ile kahawa ya shayiri.

"Shemeji," Worku alisema, "kwenye kircha yetu kuna mtu kahama. Fungu lipo. Niwawekee?"

Shewaye, aliyekuwa akipepea jiko, alisimamisha kipepeo. Hirut aliinua kichwa kutoka daftarini.

Getaneh alizungusha kikombe. "Asante, shemeji. Lakini majirani zangu wote wanakula mayai. Nipike nyama mimi? Harufu haina mlango. Watoto wa Lakew hawa watakaa pale kizingitini wanuse, na mimi nimeze? Sitaweza. Mpe mwingine."

Lakew aliweka kikombe chini, akamshika Getaneh goti. "Umemsikia, Worku? Huyu mtu ni dhahabu. Haki ya Mungu, kama tungekuwa na Wagetaneh kumi katika mji huu, bei zingeona haya zikashuka zenyewe."

Worku alipoondoka, Shewaye hakungoja hata vikombe vipoe.

"Umemkatalia kaka yangu mbele ya watu. Hukuniuliza. Mtoto hajaonja nyama toka kabla ya Kwaresima, na kabla ya Kwaresima yenyewe alionja mchuzi."

"Mama Hirut, nisikilize."

"Nakusikiliza miaka kumi na minne. Una mkono wazi, wewe. Mkono ukiwa wazi sana, hata chako kinaanguka."

"Hakuna atakayekula nyama hapa. Nakupa neno langu. Hakuna nyumba ya kichochoro hiki itakayonukia ng'ombe Pasaka hii. Ikinukia hata moja, unicheke mpaka mwakani."

Shewaye alimtazama sana. "Haya," alisema. "Nimelipokea neno lako. Nitamwambia Hirut, maana yeye ndiye atakayelia."

Pasaka ikafika. Alfajiri walitoka kanisani na mashuka yao meupe, wakafungua mfungo kwa mayai ndani ya mchuzi wa pilipili, yai moja kila mtu na la nne likakatwa vipande vitatu. Hirut alikula lake taratibu, akalamba vidole.

"Na Tigist naye kala mayai?" aliuliza. Tigist alikuwa binti wa Lakew.

"Kala mayai," Getaneh alijibu. "Wote leo tumekula mayai."

Saa tatu asubuhi Shewaye alimpa mumewe mkate wa sikukuu ampelekee shangazi yake ng'ambo ya kijito. Uani palikuwa kimya kuliko kawaida. Getaneh alipita kumsalimia Lakew, mke wa Lakew akasema bila kutoka nje kwamba mumewe amekwenda kumwona mjomba wake. Akaupeleka mkate, akabarikiwa na shangazi, akashika njia ya kurudi. Alipofika nyuma ya kinu, mtu mmoja aliyejifunga gunia kiunoni alimpungia mkono kutoka barabarani. Kisu kilimning'inia pajani.

"Ndugu! Wewe mwenye shuka! Una fungu popote leo?"

"Mimi? Sina."

"Kweli huna?"

"Sina hata la kuku."

"Basi Mungu kakuleta! Nimesimama hapa mpaka miguu imeota mizizi. Kila anayepita ana fungu lake mahali, na asiye nalo amelewa. Njoo utupangie kura, ni dakika mbili tu. Mimi Tilahun, mchinjaji, wameniita kutoka stendi."

Getaneh alifurahi. Alifurahi kweli, kama mtu anayeombwa kuimba wimbo anaoujua. Alimfuata Tilahun katikati ya mikaratusi akimsimulia kwamba wao pia hula kwa mafungu, ila mwaka huu wameshindwa. Tilahun akaitikia, "Mwaka mbaya, ndugu yangu, mwaka mbaya." Harufu ya damu na majani mabichi ikawapokea.

Aliona kwanza ngozi iliyotandazwa, kisha mafungu sita juu ya majani, kisha migongo ya watu. Mmoja alikuwa amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, akisukuma kipande cha ini kutoka fungu moja kwenda jingine. Alikuwa akisema, "Hapa sasa sawa, hapa sasa hata Getaneh angesema ni sawa," na wengine wakacheka.

Ilikuwa sauti ya Lakew.

Beyene ndiye aliyegeuka wa kwanza. Kicheko kilimkatikia mdomoni. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, nyumba sita zote, na wa mwisho kugeuka alikuwa Lakew, mikono mizima damu.

"Tilahun!" Mzee Demissie alifoka. "Nilikwambia ulete mtu asiyetujua!"

"Ulisema asiye na fungu," mchinjaji alijitetea. "Huyu kasema hana."

"Kweli sina," Getaneh alisema. Kwa kuwa ilikuwa Pasaka, na kwa kuwa mdomo wake haukupata neno jingine, akatoa salamu ya siku hiyo. "Kristo amefufuka."

Salamu ile haikataliwi na mtu. "Kweli amefufuka," walijibu, chini chini, kama watoto walioulizwa darasani.

Nzi walitua kwenye nyama wakaruka. Mzee Demissie alijikohoza.

"Fundi, usitutazame hivyo. Mtazame ng'ombe mwenyewe. Huyu ni mbuzi aliyerefuka. Tungegawana nane, tungekula nini? Na wewe tunakujua. Ungekuja na Bizunesh wako, na mlinzi wako, na safari hii sijui nani. Mimi nimekaa na watu wengi, lakini kukukatalia wewe machoni ni kazi. Unasimama pale na hayo maneno yako, mtu anajiona mwizi. Tukaona heri tuseme hakuna."

"Mngesema mimi nisije," Getaneh alisema. "Ningekaa."

"Usingekaa."

"Basi nisingekaa. Lakini ningejua."

Beyene alijaribu kupoza mambo. "Fundi bwana, ni nyama tu. Mwezi ujao tutaisahau hata sisi tulioila."

"Nyama hii haitangoja mwezi ujao," Tilahun alisema, akipepea nzi kwa jani. "Mimi nina ng'ombe mwingine wa kuchinja. Mnapangiwa au hampangiwi?"

"Atafutwe mwingine," alisema Mzee Demissie. "Mila inataka mtu asiyetujua."

Getaneh alinyoosha mkono. "Nipeni kofia. Nilidhani nawajua, Mzee. Mpaka asubuhi hii nilidhani hivyo."

Akapewa kofia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kumnyima. Alitazama ndani. Kwa watu wengine vile vingekuwa takataka tu. Yeye aliviona akaona watu. Ufunguo mdogo wa sanduku la kinu. Jino la chanuo la Beyene. Kizibo cha soda, punje ya dengu, kijiti kilichomenywa ganda. Na kifungo cha kahawia chenye matundu manne, cha koti alilolivaa Lakew kila siku ya baridi. Getaneh ndiye aliyekishona, kwa uzi wa rangi ya kijani kwa vile wa kahawia ulikwisha, na bado kipande cha uzi wa kijani kilining'inia tunduni.

Ng'ombe hagawanyiki sawasawa hata kisu kiwe hodari namna gani. Fungu la mwisho, upande wa mkia, lilikuwa duni. Lilijaa mifupa, na kipande chake cha nundu hakikuzidi ukucha. Kila mtu pale alilijua. Getaneh alikishika kifungo kwa vidole viwili, akasimama juu ya fungu lile. Nyuma yake aliisikia pumzi ya Lakew. Hapakuwa na mtu wa kumzuia, na baadaye hapangekuwa na mtu wa kumlaumu. Kura ni kura. Mkono ulimwuma kwa kutaka.

Alikirudisha kifungo kofiani. Akaitikisa kofia, akageuza uso kwenye mikaratusi, akaanza upande wa kichwa, akiweka kile ambacho vidole vilikutana nacho. Kimoja. Kingine. Hakutazama mpaka kofia ikawa tupu.

Kifungo kilikuwa juu ya fungu la tatu, nene kuliko yote, nundu yake nyeupe kama mkate.

"Lakew, wewe una..." Beyene alianza, kisha akameza.

Tilahun alimkatia Getaneh ukanda wa nyama ya paja, kama inavyopasa. "Haki ya mpanga kura, ndugu. Chukua, sikukuu njema."

"Nimeshiba," Getaneh alisema. Akaondoka.

Lakew alimkuta kwenye kijito, anahema, damu imeanza kukauka mikononi. Mfuko wa nyama ulimgonga mguuni.

"Getaneh. Ngoja. Kaka, ngoja basi."

Getaneh alisimama juu ya jiwe la kuvukia.

"Chukua nusu yangu. Chukua yote, nitawaambia nyumbani imeanguka. Walisema nikikwambia natoka na mimi. Nina watoto watatu, unajua. Wewe una mmoja."

"Sijakulaumu kwa nyama."

"Basi kwa nini unanitazama hivyo?"

"Worku alipokuja, mlikuwa mmekwisha kukubaliana?"

Lakew alitazama maji.

"Nakuuliza, Lakew. Siku ile Worku ananipa fungu, mimi nalikataa kwa sababu ya watoto wako, wewe ulikuwa umekwisha jua kwamba utakula?"

"Tulikuwa tumekwisha changa," Lakew alisema.

"Ungenifinya tu. Ungekohoa. Ungesema, 'Getaneh, chukua, usiwe mjinga.' Hata kwa mzaha. Ningechukua, na ninyi mngekula kwa siri yenu, na mimi nisingejua mpaka nakufa. Wewe ulinishika goti ukaniita dhahabu."

"Niliogopa utashtuka."

"Basi umemponza mtoto wangu ili mimi nisishtuke."

Lakew alisimama pale na mfuko wake, mtu mzima, machozi yanamteremka, hawezi kuyafuta kwa mikono ile. Siku nyingine yoyote Getaneh angemfuta kwa pindo la shuka lake. Alivuka mawe yaliyobaki, hakugeuka.

Nyumbani Shewaye alikuwa akitandika majani ya sikukuu sakafuni. Alimwona usoni, akamtuma Hirut akachote maji ambayo hayakuhitajika.

"Shangazi mzima?"

"Mzima."

"Basi nani kafa?"

Alimwambia. Hakupunguza kitu. Alimwambia mpaka habari ya kifungo na vile mkono ulivyomwuma. Alipomaliza akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akingoja kicheko alichoahidi yeye mwenyewe. Alistahili. Harufu ya nyama inayokaangwa kwa siagi ilikwisha anza kupenya kutoka nyumba nyingine za kichochoro, na mlango wa Lakew, siku ambayo hakuna mlango unaofungwa, ulikuwa umefungwa.

Shewaye hakucheka.

"Na ukawapangia kwa haki," alisema.

"Kwa haki."

"Ndicho walichokuwa wanakitegemea kwako siku zote. Waovu hawa." Akafuta mikono kwenye gauni. "Hirut akirudi atanusa."

"Nitamwambia mwenyewe. Nilimpa neno, nitalirudisha mwenyewe."

Kisha Getaneh akasema, kwa sauti ambayo Shewaye hakuwahi kuisikia kwake, kavu kama uzi uliokatika, "Mwambie kaka yako, kwa sikukuu ijayo atuhesabu huko kwao. Fungu moja. Mimi hapa sichangi tena."

"Na Mama Bizunesh? Na mlinzi? Watakuja kukuuliza."

"Fungu moja, Shewaye. Letu. Kila mtu na mtoto wake. Si ndivyo ulivyokuwa ukiniambia? Nimejifunza."

Ndivyo alivyokuwa akimwambia, miaka kumi na minne, kwa upole na kwa ukali, juu ya cherehani na juu ya jiko. Aliwahi hata kuomba kanisani mumewe afundishwe. Sasa alimtazama mume wake aliyejifunza, pale kwenye kigoda, mikono yote miwili imefumbwa magotini, na akaogopa. Aliona nyumba nzima imepoa. Aliwaona wao watatu wakila nyama yao mwaka ujao, mlango umefungwa kama ule wa Lakew, wakizungumza kwa kunong'ona.

Ndoo ya Hirut ilisikika ikigonga lango la ua.

Shewaye alichuchumaa mbele yake, akaushika mkono wake wa kulia, akaanza kuufumbua kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, kama anayefungua ngumi ya mtoto aliyeficha kitu.

"Nitamwambia Worku fungu moja na nusu," alisema. "Nusu ni ya Mama Bizunesh na mlinzi. Akikataa, nitasimama mimi niseme hayo maneno yako. Nimeyasikia vya kutosha, nayajua."

Getaneh hakuufumba tena mkono, na Hirut aliingia na maji akawakuta hivyo.